Mfumo mpya wa tarakilishi: Tusikurupuke, wala tusilale

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo, ukizitazama kwa pupa, utadhani zinagombana. Ya kwanza yasema usiache mbachao kwa msala upitao. Ya pili yaonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa miaka mingi nimezifundisha darasani hapa Kitale bila kuwaza kwamba siku moja zingenivuta mimi mwenyewe huku na huku, tena kwa sababu ya tarakilishi iliyo sebuleni mwangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa bure marekebisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, ambao ulikuwa umetumika tangu Julai 2015. Kwa msomaji ambaye istilahi hii ni ngeni kwake, mfumo endeshi ndio programu mama inayoamka kwanza mashine iwashwapo, kisha ikaziongoza nyingine zote: ile ya kuandikia, ile ya kukokotoa alama na ile ya kusomea barua pepe. Bila mfumo huo, mashine ni sanduku tu. Majuma kadhaa kabla ya siku hiyo nilikuwa nikikumbushwa kwa tangazo kwamba muda unayoyoma, na kwamba yafaa nihamie Windows 11. Nilipojaribu kuitikia wito huo, nikajibiwa kwamba mashine yangu haikidhi masharti.

Nilikwenda mjini kutafuta ushauri. Muuzaji mmoja alisikiliza maelezo yangu hadi katikati, akanikatiza.

"Mwalimu, hicho ni chuma chakavu. Chukua mpya."

Hiyo mpya aliyonionyesha ilikuwa na bei ya shilingi 65,000. Nilimshukuru nikaondoka. Mashine anayoiita chuma chakavu niliinunua mwaka wa 2017, ikiwa tayari imetumiwa na mwingine. Imeniandikia mitihani, maazimio ya kazi na maandalio ya masomo yasiyohesabika, na asubuhi hiyohiyo ilikuwa imewaka vizuri. Sikuelewa ni vipi ilikuwa imekufa kabla ya adhuhuri.

Wakati mimi nikisitasita Kitale, mpwa wangu aliye Bungoma hakusita. Yeye ni mwalimu mwanagenzi katika Sekondari Msingi, mmoja wa wale waliolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi tangu mpango huo ulipoanza mwaka wa 2023. Kwake yeye, mashine ya shilingi 65,000 ni zaidi ya mshahara wa miezi mitatu bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Aliposikia kwamba Windows 10 "inafungwa", alikipeleka kipakatalishi chake kwa fundi siku ya Jumatano, akalipa shilingi 1,500, akakichukua Ijumaa jioni. Kilikuwa na sura mpya ya kupendeza. Kilikuwa pia kitupu. Fundi alikuwa ameifuta diski yote ili kuuweka mfumo mpya, na hakuuliza, wala hakuambiwa, kama mle ndani mlikuwa na kitu cha kuhifadhiwa.

"Mjomba, alama za watoto zimepotea," aliniambia kwa simu, sauti ikimkauka.

Alfajiri ya Jumamosi nilipanda matatu, tukapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, nikabadilisha gari Webuye, nikafika Bungoma mwendo wa saa nne. Tulishinda kutwa nzima tukiokota vipande. Orodha moja ilipatikana katika barua pepe aliyokuwa amemtumia mwalimu mkuu. Nyingine ilikuwa imepigwa chapa na kutiwa kwenye faili la naibu. Zilizosalia zilibidi kukokotolewa upya kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi, nao muhula wa tatu ulikuwa unaelekea ukingoni. Hata hivyo, picha za miradi hazikupatikana. Msichana mmoja wa Gredi ya 8 alikuwa amefinyanga jiko la udongo lisilokula kuni nyingi. Jiko lilikuwa limekwisha kuvunjika, na ushahidi pekee kwamba aliwahi kulitengeneza ulikuwa picha tatu zilizokuwa katika kipakatalishi kile. Mpwa wangu aliniuliza atamwambia nini. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Ndipo nilipotambua kwamba tulikuwa tukiuliza swali lisilo lenyewe. Sote wawili tulikuwa tukiuliza, "Nihame au nisihame?" Swali lililostahili kutangulia lilikuwa, "Mle ndani mna mali ya nani?" Maana mashine ni ya mwalimu, aliyeinunua kwa jasho lake, lakini alama zilizomo si zake. Ni za watoto. Mwalimu ni mwekwa amana tu. Huo ndio msingi wa maoni yangu leo: uamuzi wowote kuhusu mfumo endeshi ambao hauanzi kwa kuzinakili kazi za wanafunzi mahali pengine ni uamuzi mbaya, hata kama mfumo uliochaguliwa ni mzuri.

Sasa nirejee kwenye zile methali mbili. Wapo wasomaji watakaosema, "Basi tukae na mbacha wetu. Mashine inawaka, kazi inafanyika, tatizo liko wapi?" Ni kweli kwamba mashine ya Windows 10 haikuzimika tarehe 14 Oktoba 2025. Hakuna aliyeifunga. Kilichokoma ni fundi wa kuziba nyufa. Kila mwezi wataalamu hugundua upenyo mpya katika programu hizi kubwa, na kampuni hutuma kiraka. Kiraka kisipokuja, upenyo hubaki wazi, na wezi huupata habari zake kama sote tunavyozipata. Kweli, Microsoft iliahidi kwamba programu yake ya kukinga virusi, Defender, itaendelea kuhuishwa katika Windows 10 hadi Oktoba 2028. Lakini kumjua mwizi kwa sura si sawa na kuufunga mlango.

Wengine huniuliza kwa kejeli: mwizi wa ng'ambo atataka nini na alama za Kiswahili za watoto wa Bungoma? Jibu ni kwamba virusi havichagui. Mnamo Mei 2017 programu haramu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache, ikazifunga faili za watu na kudai dola 300 za kuzifungua. Ilizikwamisha hata hospitali za umma za Uingereza. Kiraka cha kuzuia balaa hilo kilikuwa kimetolewa mwezi Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Wengi walioumia ni wale ambao hawakukiweka, au waliokuwa wakitumia mifumo iliyokwisha kuachwa. Programu ile haikuuliza kama ndani mna siri za serikali au karatasi za mtihani wa majaribio. Ilikuta mlango wazi, ikaingia. Nasi walimu tuna njia yetu ya ziada ya kuambukizana, nayo ni diski ya flashi inayozunguka kutoka ofisi ya walimu hadi saiba, kutoka saiba hadi nyumbani, kisha ikarudi ofisini bila kukaguliwa.

Isitoshe, sheria inatutazama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inazilinda taarifa za watu, na za watoto inazipa uzito wa pekee. Anayeyahifadhi majina, nambari za usajili na alama za wanafunzi 200 hawezi kusema kwamba usalama wa mashine yake ni jambo lake binafsi. Kwa hiyo kulala si jibu.

Lakini kukurupuka pia si jibu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Anayetaka kuamua kwa busara na ajiulize maswali matatu: mashine yangu inaweza nini, kazi yangu inahitaji nini, na mfuko wangu una nini?

Tuanze na mashine. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64 katika diski. Hayo mashine nyingi zinayo. Penye kikwazo ni mahali pawili. Inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na inataka kichakataji cha miaka ya karibuni. Kwa zile za Intel, kwa jumla, ni kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine yangu ni ya kizazi cha sita. Nyingi za mitumba zinazouzwa katika miji yetu ni za kizazi hicho au cha kabla yake. Microsoft ina programu ndogo ya bure, PC Health Check, ambayo humwambia mwenye mashine kama imefaulu au imeanguka. Wakati mwingine mashine huanguka kwa sababu TPM ipo lakini imezimwa, na kuiwasha ni kazi ya dakika chache. Mtu asikubali kuambiwa "chuma chakavu" kabla ya jaribio hili. Ikiwa mashine imefaulu, uhamiaji ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, na sioni sababu ya kuuahirisha baada ya faili kunakiliwa.

Ikiwa imeanguka, zipo njia nne. Ya kwanza ni ile ya fundi wa Bungoma, yaani kuulazimisha mfumo mpya uingie pasipo kukidhi masharti. Inawezekana, na wengi wameifanya. Lakini kampuni yenyewe imesema kwamba haidhamini kuwa mashine za namna hiyo zitapata marekebisho. Utakuwa umeukimbia mfumo usiozibwa nyufa, ukaingia katika mwingine ambao fundi wake aweza kukunyima kiraka siku yoyote.

Ya pili ni muda wa nyongeza. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft iliweka mpango wa kuendelea kupokea marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mpango huo ulikuwa wa dola 30, au bure kwa aliyekubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio ya mashine yake kwa kampuni hiyo. Huu ulikuwa mwanya wa kupumua, si dawa. Faida yake ni kwamba ulimwezesha mwalimu kumaliza shughuli za mitihani bila kugusa chochote, kisha akaamua likizoni akiwa ametulia.

Ya tatu ni kununua mashine nyingine, mpya au ya mtumba. Sina ugomvi na mwenye uwezo. Namshauri tu amuulize muuzaji kizazi cha kichakataji kabla ya kuuliza bei, asije akanunua tatizo lilelile katika ganda jipya.

Ya nne ndiyo wengi wetu hatuizungumzii. Ni kuiacha Windows na kuhamia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, na ambao hadi leo hutolewa bure kwa yeyote autakaye. Mojawapo ya matawi yake mashuhuri ni Ubuntu, lililozinduliwa mwaka wa 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la Kibantu, na Mswahili hahitaji kamusi kulielewa, kwani ni utu. Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Basi anayedhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao hajui historia ya jirani zake.

Linux haidai TPM wala kizazi cha nane. Toleo la Ubuntu la Aprili 2024 na lile la Linux Mint lililojengwa juu yake yameahidiwa marekebisho ya bure hadi mwaka wa 2029. Lakini sitaki kumdanganya msomaji. Programu zilizoandikiwa Windows kwa kawaida haziendi katika Linux bila hila. Shule yenye programu ya ratiba au ya karo iliyonunuliwa kwa ajili ya Windows itakwama. Nyaraka za Word hufunguka katika LibreOffice, ila majedwali yenye mapambo mengi huweza kupinda. Na fundi wa mtaani anayeijua Linux ni adimu kuliko yule wa Windows.

Mimi nilifanyaje? Kwanza nilizinakili faili zangu zote mahali pawili: katika diski ya nje ninayoifungia kabatini, na katika hifadhi ya mtandaoni. Kisha nilijiandikisha kwa ule muda wa nyongeza ili nimalize muhula. Likizo ya Desemba ilipowadia niliweka Linux Mint kwenye flashi, nikaiwasha tarakilishi kutoka humo bila kuigusa diski. Kwa muda wa majuma mawili nilifanya kazi zangu za kweli: nikaandika azimio la kazi, nikakokotoa alama za zamani, nikapiga chapa. Mashine ya kupigia chapa ilinigharimu nusu siku ya uvumilivu. Jedwali moja lilipinda, nikalichora upya. Mengine yalikwenda. Ndipo nilipoisakinisha kwenye diski, nikiacha sehemu ndogo ya Windows kwa ajili ya programu moja ya shule, nayo siingii mtandaoni nikiwa humo. Sisemi kila mtu anifuate. Mpwa wangu, ambaye kazi yake haihitaji zaidi ya kuandika, kukokotoa na kuingia katika tovuti ya Baraza la Mitihani, KNEC, alinifuata mwezi Januari. Mwalimu mwenzangu anayetunza hesabu za shule hakufuata, na alikuwa na haki.

Yeyote atakayehama, kwa njia yoyote ile, na ashike mambo machache. Anakili faili, kisha azifungue zile nakala katika mashine nyingine ili ahakikishe kwamba zinasomeka. Nakala isiyofunguliwa ni tumaini tu. Aandike nywila zake kwenye karatasi na kuihifadhi. Asianze kazi hii umeme ukiwa wa kusuasua, kwani mashine ikizimika katikati ya usakinishaji huenda isiamke. Kipakatalishi chenye betri iliyojaa kina heri. Aipange kwa likizo, si kwa juma la mtihani. Na akimpelekea fundi, amwambie kwa maandishi: diski isifutwe kabla sijathibitisha kwamba nina nakala.

Nina neno pia kwa wakuu wa shule. Tumezoea kumwachia mwalimu mzigo huu kana kwamba ni anasa yake. Alama zinazopelekwa KNEC hukokotolewa usiku katika mashine ya mwalimu, kwa umeme wa mwalimu na bando la mwalimu. Sidai kwamba kila shule imnunulie kila mwalimu kipakatalishi. Nadai jambo dogo zaidi: kila shule iwe na diski mbili za kuhifadhia nakala, moja ikifungiwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, na siku moja kila mwezi ambapo kila mwalimu atazileta kazi za wanafunzi zinakiliwe. Diski mbili ni gharama ndogo ukilinganisha na kuzikokotoa upya alama za gredi nzima.

Na kwenu wanafunzi, hasa mnaosoma somo la tarakilishi: msikomee katika kukariri sehemu za mashine. Katika Kitale National Polytechnic na Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma wapo vijana wanaosomea teknolojia hii. Ningependa kuwaona wakitenga Jumamosi moja kila muhula, wakae na walimu wa shule za karibu, wawapimie mashine, wawanakilie faili na kuwaonyesha njia zote nne bila kumvuta mtu upande wowote. Gigabaiti kadhaa za mfumo mpya ni mzigo kwa mwenye bando la kununua, lakini zikipakuliwa mara moja chuoni zaweza kuzunguka kwa flashi hadi Kimilili na Kiminini.

Naam, zile methali mbili hazigombani. Moja inatukataza kutupa kilicho chetu kwa sababu ya tangazo la mfanyabiashara. Nyingine inatukataza kukaa katika nyumba yenye nyufa. Mwenye kuzishika zote mbili atahama kwa wakati wake, kwa njia inayomfaa, akiwa amebeba mizigo yote aliyokabidhiwa.

Msichana yule wa Gredi ya 8 alilifinyanga jiko lake upya mwezi Januari. Mpwa wangu alilipiga picha, akainakili mahali patatu, kisha akanitumia na mimi ya nne.